Funga Kitabu, Nirudishie

Aliingia darasani na vitu viwili tu: kipande cha chaki na kikombe cha bati chenye chai iliyokwisha kupoa. Kitabu hakubeba. Sisi ndio tuliokuwa na vitabu, na jambo la kwanza alilotuambia kila siku ni tuvifunge.

"Fungeni. Wote. Wewe wa dirishani pia, nakuona. Haya, nirudishieni ya jana."

Kurudisha, kwa Madam wa Baiolojia, maana yake ilikuwa kusema ulichofundishwa kwa maneno yako mwenyewe, bila kuchungulia popote. Hakutaka maneno ya kitabu. Hata maneno yake mwenyewe hakuyataka. Ukimrudishia sentensi yake jinsi alivyoisema, alikunja uso kama mtu aliyepewa chenji ya noti bandia. "Hiyo ni yangu," alisema. "Yako iko wapi?"

Basi kila kipindi kilianza kwa kimya kizito, watu arobaini na ushee wakitazama dari wakitafuta ya jana. Yeye hakuharakisha kile kimya. Alikunywa chai yake baridi, akatazama mvua uwanjani, akangoja. Walimu wengine waliona haya darasa likinyamaza. Madam alisema kimya hicho ndicho kusoma kwenyewe, na kwamba kule kupekua kurasa tulikokuita kusoma ni kutembea tu.

Nimemkumbuka sana mwaka huu kwa sababu ya binti yangu, Jerono. Yuko kidato cha nne na anataka kuwa muuguzi. Tangu akiwa mdogo alikuwa akiwafunga bandeji mbuzi wazima. Katika mtihani wa majaribio wa muhula wa pili, Baiolojia ilimwangusha vibaya, na bila Baiolojia hakuna uuguzi. Kilichoniuma si alama. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa amesoma. Mimi mwenyewe nilimwona akisoma, kila jioni ya likizo ya Aprili, vitabu vimepakwa kalamu ya manjano mpaka ukifungua unadhani jua limechomoza. Aliporudi nyumbani likizo ya Agosti, aliweka begi chini akasema, bila kulia, "Mathe, mimi si mtu wa Bayo. Nitajaza kozi ingine tu."

Nilitaka kumjibu. Nina duka la dawa za mifugo mjini Eldoret na kazi yangu kutwa nzima ni kueleza mambo: dawa hii ya minyoo ni ya ndama wa uzito gani, hii ya kupe inachanganywa na maji kiasi gani. Kueleza si shida kwangu. Lakini kwa lile neno, "mimi si mtu wa Bayo," nilijua kuna mtu mmoja tu niliyewahi kumsikia akilijibu sawasawa. Nikaanza kumsimulia habari zake.

Sijui Madam alizaliwa wapi hasa. Alikuja kutoka upande wa ziwa, hilo lilisikika katika Kiswahili chake, na alikuwa ameshakaa nasi miaka mingi kiasi cha kuwasalimu wazazi wetu kwa Kikalenjin na kubishana nao kuhusu mursik, maziwa ya kibuyuni, ipi imegandishwa vizuri. Alikuwa mrefu, mwenye sweta la kijivu lililotoka nyuzi kwenye kiwiko. Alipenda njugu na alizila akizunguka kati ya madawati, kwa hiyo ulijua yuko nyuma yako kwa kusikia ganda likivunjika.

Kalamu za rangi alizichukia. Mimi nilikuwa nazo tatu, zawadi ya shangazi, na nilijivunia. Siku moja alisimama nyuma yangu, njugu ikalia, mkono ukashuka na kuchukua kitabu changu. Akafunua ukurasa baada ya ukurasa. Manjano, pinki, kijani.

"Hiki kitabu kimesoma sana," alisema. "Wewe je?"

Darasa lilicheka wiki nzima. Lakini baadaye aliniita nje, akanieleza polepole, kwa sababu hakuwa mtu wa kukuacha umeaibika tu. Ukipaka rangi, alisema, jicho linafurahi na kichwa kinadhani kazi imekwisha. Ukisoma tena mahali palipopakwa, unapatambua, na kutambua ni rahisi. Hata ng'ombe wa jirani unamtambua, lakini uliza mtu akueleze mabaka yake yalivyo bila kumwona. "Mtihani hautakuuliza kama unamtambua ng'ombe," alisema. "Utakuuliza mabaka."

Nilizigawa zile kalamu kwa wadogo zangu.

Amri yake nyingine ilikuwa kwamba kila mmoja wetu awe na mwanafunzi wake nyumbani. Si mwenzako wa darasa. Mtu asiyejua somo lile, na umfundishe kwa lugha anayoota nayo. Wengine walichukua wadogo zao, wengine mama zao jikoni. Mmoja aliyekuwa akiishi na mjomba mwenye karakana alimfundisha mjomba akiwa amelala chini ya lori, na alisema ilikuwa raha kwa sababu mjomba hakuweza kukimbia.

Mimi nilimchukua Kogo, bibi yangu, jioni tukipukuchua mahindi. Nilianza na osmosisi. Kiingereza chake nilikuwa nacho chote, kimejipanga mdomoni kama askari wa gwaride. Nikafungua mdomo kusema kwa Kikalenjin, na askari wote wakatawanyika. Nikasema maji yanatoka hapa yanaenda pale. Kogo akauliza, "Kwa nini yaende?" Nikasema kwa sababu upande ule kuna chumvi zaidi. "Chumvi inayaita?" Nikasema hapana, haiyaiti. "Sasa yanajuaje?" Nikajikanyaga, nikarudia, nikaongeza maneno, na nilipoinua macho Kogo alikuwa amesinzia, gunzi mkononi.

Nilipomweleza Madam, nilitegemea atacheka. Hakucheka. Alisema, "Akisinzia, si yeye amechoka. Ni wewe hujaelewa. Rudi kitabuni, tafuta pale ulipokwama tu, si sura nzima. Halafu kesho mwamshe."

Nilirudi. Nilikuwa nimekwama mahali padogo sana, kwenye ule utando kati ya pande mbili ambao nilikuwa nimeupaka pinki na kuuruka. Kesho yake Kogo alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kumbe." Mpaka leo, mkulima akija dukani na nikimweleza kipimo cha dawa, simwachi aondoke kabla hajanirudishia. Wengine hukasirika. Mzee mmoja wa Kapseret aliwahi kuniuliza kama ninataka pia aandike mtihani. Nilimwambia mtihani wake uko zizini.

Kuhusu kukesha, Madam alikuwa mkali kuliko mambo yote. Mtu aliyesoma shule zetu anajua desturi ile: beseni la maji baridi chini ya meza, miguu ndani, ili usingizi usikushike. Tulijisifu kwayo. Kulikuwa na mashindano ya nani amechovya miguu muda mrefu zaidi, na maji ya Eldoret mwezi wa saba si maji ya mzaha. Asubuhi tulifika darasani na mafua, macho mekundu, tukijiona mashujaa, na Madam akisema fungeni vitabu hakuna aliyekumbuka hata sura ya ngapi.

"Maji baridi yamemfundisha nani?" aliuliza. "Samaki?"

Kisha aliwageukia wale waliokuwa wakikimbia mbio, maana kila darasa letu lilikuwa nao. Akamwomba mmoja aeleze anavyojiandaa kwa mashindano ya mkoa. Yule kijana akaeleza: siku hii mbio ndefu, siku hii milima, siku hii fupi za kasi, siku hii kupumzika. "Na wiki ya mwisho?" "Napunguza, Madam." "Hukimbii usiku wote?" Darasa likacheka. "Nitakimbiaje usiku wote na kesho yake nina mbio?" Madam alirudi kwenye ubao na kuandika ratiba ya mwanariadha yule, akafuta maneno ya mbio na kuweka maneno yetu. Siku hii seli, siku hii usagaji wa chakula, siku ya nne rudi kwenye seli bila kitabu, wiki ijayo zirudie tena zote mbili kabla hazijapoa. Alisema kusahau si dhambi, ni tabia ya kichwa, na dawa yake ni kurudi wakati umeanza kusahau, si kurudi wakati bado unakumbuka kila kitu na kujifurahisha.

Lakini yeye mwenyewe hakulala. Jumatatu nyingi alikuja na macho kama yetu, kwa sababu alikuwa amekaa akisahihisha. Wakati wa mapumziko ulimkuta kwenye kiti cha ofisi ya walimu, kichwa kimelala upande, kalamu nyekundu bado mkononi. Tukamuuliza siku moja mbona anatukataza anachokifanya. "Nyinyi laleni," alisema. "Mimi nimeshapita mitihani yangu."

Hilo halikuwa kweli, kama nitakavyoeleza.

Kwanza niseme habari ya jani. Mwaka wetu kulikuwa na homa ya karatasi za mitihani iliyopita. Zilipigwa chapa mjini, mafungu kwa mafungu, pamoja na miongozo ya kusahihisha, na tuliishika miongozo ile kama Zaburi. Madam hakuwa na shida na karatasi zenyewe. Shida yake ilikuwa tulivyozitumia: swali jicho la kushoto, jibu jicho la kulia, kichwa kikiitikia. Alitunyang'anya miongozo yote akaifungia kabatini. "Umia kwanza," alisema. "Jaribu, kosea, ndipo uje kuchukua jibu. Jibu lililokuja kabla ya kuumia halikai."

Wengi wetu tulikuwa na nakala nyingine nyumbani. Basi ukaja mtihani wa majaribio, na ndani yake kulikuwa na mchoro wa jani, mchoro uleule wa mwaka uliotangulia. Mwaka uliotangulia waliambiwa wataje sehemu zake. Sisi tuliulizwa kwa nini vitundu vya kupumulia viko vingi upande wa chini. Nusu ya darasa iliona jani, ikafurahi, ikataja sehemu zote bila kukosa moja, kwa mwandiko mzuri.

Tulingoja kuadhibiwa. Madam aliingia na karatasi, akaziweka mezani, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa. Kisha kicheko kikaisha.

"Mmejibu vizuri sana," alisema, "swali la watoto wa mwaka jana."

Sijawahi kusikia adhabu iliyonikaa zaidi ya hiyo. Siku hiyohiyo ndipo alipotufundisha mafungu matatu. Alituambia tuchukue kila swali tulilokosa na tuliweke katika fungu lake. La kwanza: sikujua. La pili: nilijua nikasahau. La tatu: nilijua nikababaika. Mtu akishapanga, alisema, anaona kwamba hakuanguka mtihani mzima. Ameanguka mahali fulani. Na kila fungu lina dawa yake. Asiyejua atafute mtu amfundishe. Aliyesahau arudi mara kwa mara, kidogo kidogo. Aliyebabaika afanye mazoezi katika hali ile inayombabaisha, saa ukutani, mtu amesimama kando, mpaka aizoee hali ile.

Na kama kuna mtu alithubutu kusema mbele yake "mimi si mtu wa Kemia" au "mimi si mtu wa hesabu," Madam alimsimamisha. "Hakuna fungu la nne," alisema. "Nimetafuta. Hakuna fungu linaloitwa mimi-si-mtu-wa. Keti, upange tena."

Hayo ndiyo niliyomwambia Jerono. Alisikiliza kwa adabu, kama watoto wanavyosikiliza mambo ya zamani, akasema, "Sawa, Mathe. Lakini huyo Madam alikuwa na nyinyi. Mimi niko peke yangu na hivi vitabu."

Sasa nirudi kwenye mtihani wa Madam mwenyewe. Alikuwa akijifunza kuendesha gari. Mume wake alikuwa na pikapu nyeupe iliyobeba maziwa na viazi, na Madam alikuwa ameamua kwamba mwanamke mwenye akili timamu hawezi kuwa mzigo wa kiti cha kushoto milele. Alihudhuria mafunzo mjini siku za Jumamosi. Sehemu ya ubao, ule wenye mji mdogo uliochorwa na kigari cha kuchezea unachokisukuma ukieleza unapoelekea, aliijua kama sala. Lakini akiingia kwenye gari lenyewe na mtahini akakaa kando yake na kalamu, alichanganya klachi na breki. Alirudi nyuma akagonga kijiti cha alama. Akajaribu mara nyingine, injini ikazima katikati ya barabara na haikukubali kuwaka.

Tulijua yote hayo kwa sababu alituambia mwenyewe. "Nimeanguka," alisema Jumatatu, kabla hata ya fungeni vitabu. Akachora mafungu matatu ubaoni, akaweka makosa yake yote chini ya kubabaika. Tulimpenda sana siku ile. Tulidhani atafuata dawa yake mwenyewe.

Hakufuata. Baada ya kuanguka tena aliacha. Mwanafunzi mmoja alimuuliza anarudi lini, na Madam akavunja njugu, akatazama dirishani. "Aah," alisema. "Mimi si mtu wa gari."

Hakuna aliyemjibu. Tulikuwa watoto, naye alikuwa Madam. Lakini sote tulisikia.

Mwezi wa nane, wiki ya pili ya likizo, nilimwambia Jerono avae gambuti tunaenda Kapseret. Madam alistaafu zamani na anaishi huko na mume wake, karibu na mahali ambapo ndege zinashuka chini mpaka unataka kuinama. Tulipanda boda boda mbili. Mahindi yalikuwa yamesimama marefu pande zote na matope yalikuwa ya kutosha. Nilikuwa nimebeba sukari na majani ya chai, na ombi langu: amchukue Jerono kwa tuisheni mpaka shule zifunguliwe.

Nilimkuta mahali ambapo sikutegemea. Alikuwa ameketi ndani ya ile pikapu nyeupe, imeegeshwa nyuma ya zizi, kwenye kiti cha dereva, kitabu cha sheria za barabarani juu ya usukani. Nywele zimekuwa nyeupe. Njugu zilikuwa kwenye kikombe cha bati.

"Nani huyo?" aliuliza, kisha akanitambua. "Wewe ni wa kalamu za rangi."

Tulisalimiana sana. Mumewe alitoka nje, akatupa mkono akiutafuta mkono wangu pembeni kidogo ya ulipokuwa, ndipo nikaelewa. Macho ya Mzee yamefifia. Anatakiwa kwenda kliniki ya macho kule Plateau mara kwa mara, na pikapu iko, dereva hayuko. Madam hataki apande boda boda kwenye utelezi akiwa haoni shimo linakuja.

"Kwa hiyo narudi tena," alisema Madam. "Kwa uzee huu. Mwalimu wangu wa gari ni kijana mwenye adabu sana. Kila nikikosea ananiambia pole Madam. Hiyo pole inaniua."

"Anaendeleaje?" nilimuuliza Mzee.

"Ubao anaujua," Mzee alisema. "Ng'ombe wote hapa wanaujua."

Nilitoa ombi langu. Madam alimtazama Jerono kutoka kwenye gambuti kupanda juu. Akamuuliza shida ni nini.

"Baiolojia, Madam. Mimi si mtu wa Bayo."

Nilitazama chini. Nilijua kinachokuja. Lakini hakikuja. Mkono wa Madam ulibaki kwenye usukani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia sauti yake mwenyewe ikitoka chumba kingine.

"Tuisheni sifanyi," alisema mwishowe. "Nina mtihani. Lakini panda hapa. Shika hiki kitabu. Mimi sitakiona, wewe ndiye utakayeniuliza."

Jerono akapanda upande wa kushoto. Mimi na Mzee tukakaa kwenye magogo karibu. Binti yangu akafunua kitabu, akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa kumuuliza mkubwa, "Madam, ukifika kwenye mzunguko, unampisha nani?"

"Aliye ndani, anayetoka kulia kwangu."

"Sawa."

"Usiseme sawa. Niulize kwa nini."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kitabu kimesema."

Jerono akacheka kidogo. Nilikuwa nimeshamweleza habari zote, kwa hiyo akathubutu. "Hayo ni maneno ya kitabu, Madam. Yako yako wapi?"

Mzee alinigusa kiwiko. Ndani ya gari kukawa na kimya, kimya kile kile cha zamani, na Madam hakukiharakisha hata safari hii kikiwa chake. Kisha akasema, akichora duara hewani, "Kwa sababu tukiingia sote, aliye ndani hawezi kutoka. Asipotoka, na mimi siwezi kuzunguka. Tutajaa pale tukitazamana, na hakuna atakayetembea." Akageuka. "Haya. Moyo una vilango ndani yake. Kwa nini?"

"Kuzuia damu isirudi nyuma."

"Ya kitabu hiyo."

Jerono alitazama duara ambalo Madam alikuwa amelichora hewani, kana kwamba bado lilikuwa pale. "Kwa sababu," alisema polepole, "ikirudi nyuma itakutana na ile inayokuja. Zitasukumana. Sasa... hakuna inayotembea. Hata mguu hautapata damu."

"Mguu ni wa nani?"

"Wa mgonjwa."

"Huyo sasa ndiye mwenye moyo," Madam alisema. "Endelea."

Walikaa humo mchana wote. Chai ilipelekwa dirishani. Baadaye Madam alitaka kuona karatasi ya mtihani wa majaribio, na Jerono, ambaye mimi hakunionyesha ile karatasi zaidi ya alama zake, akaitoa begini. Wakaipanga kwenye dashibodi, swali kwa swali. Nilisogea karibu nisikie. Sikujua, machache. Nilibabaika, mawili matatu. Karibu yote yalikwenda kwenye fungu la katikati: nilijua nikasahau.

Jerono aliyahesabu kwa kidole. "Kumbe nilikuwa nayajua," alisema.

"Ulikuwa unayajua, ukayaacha yakapoa. Hiyo siyo kutokuwa mtu wa Bayo. Hiyo ni kutorudi." Madam alivunja njugu. "Na mimi yangu yote yako upande ule wa kubabaika, tangu mama yako akiwa na kalamu zake. Fungu la nne nililiongeza mwenyewe nyinyi mkinitazama, na hakuna aliyeniambia niketi nipange tena."

"Sasa dawa yake?" Jerono aliuliza, ingawa alijua.

"Mtu wa kukaa kando yangu bila kunionea huruma."

Nikamwona binti yangu akijiweka sawa kwenye kiti. Alifuta tabasamu usoni, akachukua kalamu, akaishika juu ya karatasi kama mtu anayengoja mwenzake akosee. Sikujua ana uso wa namna ile. Madam akawasha injini. Pikapu ikatikisika, ikasonga, ikazima.

Jerono hakusema pole. Aliandika kitu.

Madam akawasha tena. Safari hii walifika mpaka kwenye kisima, wakazunguka, wakarudi taratibu mpaka mlangoni pa zizi, ng'ombe wakiwapisha. Mzee, ambaye alikuwa akifuata kwa masikio, alisema kwa sauti ya chini, "Hapo amebadilisha gia vizuri."

Jerono alirudi Kapseret kila wiki mpaka shule zilipofunguliwa, yeye akimtahini Madam na Madam akimtahini yeye. Mtihani wa Madam uko mwezi ujao na wa Jerono pia, na sijui watapata nini. Ninachojua ni kilichotokea Jumamosi moja kabla hajarudi shuleni. Nilikuwa dukani, wateja wamepungua, mvua inanyesha juu ya mabati. Jerono alikuja nyuma ya kaunta, akavuta kreti ya soda, akaniketisha. Mikononi hakuwa na kitu.

"Mama, tulia hapo. Nataka kukufundisha figo. Ukisinzia, najua ni mimi sijaelewa."

Mkulima mmoja aliingia, akakung'uta koti, akataka dawa ya kupe. Nikaanza kuinuka. Akanitazama, akamtazama Jerono, akaegemea kaunta. "Wacha amalize kwanza," alisema. "Hata mimi nina figo."

Jerono akaanza. Damu inaingia hapa, alisema, na chafu inatenganishwa na safi. Nikamuuliza kwa nini. Akanyamaza, akatazama mvua, na mimi sikumharakisha. Kisha akanieleza kwa Kikalenjin, kwa maneno ambayo hayamo katika kitabu chochote, mpaka mwisho.

Sikusinzia.